Parachuti ya Roketi Hufunguka Bila Baruti

Kurusha roketi ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kuirudisha ardhini bila kumuumiza mtu, na hapo ndipo vikundi vingi vya sayansi mashuleni hukwama. Roketi ya chupa ya soda yenye uzito wa gramu 200, ikipaa mita 40 juu ya Miyuji, hapa Dodoma, na parachuti ikagoma, hushuka pua mbele kwa mwendo unaozidi kilomita 70 kwa saa, kama bodaboda iliyo mbioni kwenye barabara ya Arusha. Parachuti ikifunguka kwa wakati wake, chupa ile ile hutua kwa kilomita 16 kwa saa, nzima, tayari kujazwa maji tena.

Katika nchi ambako mchezo huu una maduka yake, anayefungua parachuti ni baruti. Chukua injini ndogo za Estes, kampuni ya Marekani iliyoanza mwaka 1958. Injini iliyoandikwa C6-5 ina herufi inayotaja daraja la nguvu yake yote, 6 ikiwa msukumo wa wastani kwa nyutoni, na 5 ikiwa sekunde za kusubiri baada ya msukumo kwisha. Sekunde hizo zikitimia, kifungu kidogo cha baruti hulipuka ndani ya bomba na kuitupa pua nje pamoja na parachuti. Kwenye roketi kubwa zaidi, wenyewe hupima baruti kwa gramu na kuiwasha kwa umeme wa betri.

Makala hii inaeleza namna ya kufanya kazi hiyo hiyo bila chembe ya baruti, kwa vitu unavyoweza kuvipata soko la Majengo, Sabasaba, na kwa fundi redio wa mtaani kwako.

Kwa nini tuiache

Sababu ya kwanza ni sheria. Tanzania ina Sheria ya Baruti tangu mwaka 1963, na chini yake mtu hanunui, hahifadhi, hasafirishi wala halipui baruti bila leseni au kibali. Msimamizi wake ni Tume ya Madini, yenye makao makuu hapa hapa Dodoma. Vibali hivyo ni vya wachimbaji na wenye machimbo ya kokoto, si vya mwalimu wa fizikia mwenye chupa za soda. Wala usimwendee mtu wa machimbo akupunguzie kidogo, kwani utamtia matatani yeye mwenye leseni na wewe usiye nayo.

Sababu ya pili ni nyasi. Tangu mwezi wa sita hadi mvua za Desemba, nyanda hizi zimekauka. Baruti hutoa moto, na karatasi inayowekwa kuikinga parachuti hutupwa nje ikiwa bado inafuka. Cheche moja kwenye majani makavu, na upepo wa mchana wa Dodoma, vinatosha kuteketeza shamba la mtu.

Sababu ya tatu ni mahali penyewe. Miyuji iko kaskazini mwa jiji, kati ya uwanja wa ndege wa mjini na uwanja wa Msalato ulio mbele kwenye barabara ya Arusha. Isitoshe, hili ni jiji la Bunge na wizara. Mlipuko, hata uwe mdogo, utawaleta askari kabla moshi haujatawanyika, na hutakuwa na la kuwalaumu.

Kuna wanaodhani wataikwepa sheria kwa kukwangua vichwa vya viberiti au kufumua fataki. Hiyo ni baruti kwa jina jingine, tena iliyo mbaya zaidi, maana nguvu yake haijulikani na huweza kuwaka kwa msuguano tu ikiwa mkononi. Mwalimu akimkuta mwanafunzi katika kazi hiyo, asimamishe kila kitu siku hiyo na azungumze na mzazi.

Kazi ni mbili, si moja

Watu wakisikia habari ya kuacha baruti hutafuta kwanza kitu kingine chenye nguvu. Wanakosea mahali pa kuanzia. Baruti hufanya kazi mbili kwa pamoja, ya kusukuma na ya kujua wakati. Zitenganishe, utaona kwamba ya kusukuma ni nyepesi mno, na yote yaliyobaki ni wakati.

Tazama nguvu. Kwenye roketi kubwa pua imebanwa, wakati mwingine imefungwa kwa vijiti vya plastiki ambavyo lazima vikatike, kwa hiyo msukumo wa makumi ya kilo unahitajika. Kwenye chupa ya soda, pua ina gramu 30 na mlango wa chumba cha parachuti hauna hata hizo. Msukumo wa kilo moja au mbili unatosha na kubaki. Kipande cha plastiki kilichopindwa kama upinde, au springi iliyotoka kwenye kiti kibovu, kinaupata bila shida.

Sasa tazama wakati. Roketi ikifika kileleni husimama kwa nukta, kisha huanza kuanguka. Kila sekunde unayowahi au kuchelewa kutoka kwenye nukta hiyo humaanisha mwendo wa karibu mita 10 kwa sekunde zaidi. Ukikosea nusu sekunde, parachuti hufunguka kwenye mita 5 kwa sekunde na kuvutwa kwa nguvu isiyofika robo kilo. Ukikosea sekunde mbili, mwendo unakaribia mita 20 kwa sekunde, na kwa kuwa nguvu ya hewa hukua kwa mraba wa mwendo, mvuto ule ule sasa ni karibu kilo nne. Hapo nyuzi hukatika, gundi huachia, na watu husema parachuti ilikuwa mbovu.

Kwa hiyo pima wakati kwanza. Simu yoyote inayochukua video inatosha. Mwambie mwenzako akae pembeni, mbali kiasi cha kuiona roketi yote, kisha hesabu sekunde tangu maji yanapoanza kutoka hadi pua inapogeuka kuelekea chini. Chupa ya lita mbili, maji theluthi moja, upepo wa psi 60, kwa kawaida hutumia kati ya sekunde mbili na nusu na tatu na nusu. Usichukue namba hiyo kutoka hapa. Chukua ya roketi yako.

Njia ya kwanza: pua inayoanguka yenyewe

Hii haina saa wala betri. Parachuti hukaa chini ya pua, na pua hukaa juu yake bila kubanwa. Wakati wa kupaa, hewa huigandamiza pua mahali pake. Kileleni hewa haisukumi tena, roketi huinama, pua huteleza na kuvuta parachuti nje.

Wengi huijaribu mara moja na kuiacha kwa sababu pua huchomoka mapema, roketi ikiwa bado inakimbia. Kosa huwa kwenye uzito. Maji yakishakwisha, chupa tupu huwa nyepesi na mapezi yake hushikwa sana na hewa, kwa hiyo hupunguza mwendo haraka. Pua nzito haitaki kupunguza mwendo, basi huiacha chupa nyuma na kuendelea peke yake. Dawa ni kuifanya pua iwe nyepesi kabisa. Ule udongo wa kuchezea au mchanga unaouweka juu ili roketi isiyumbe, usiuweke ndani ya pua. Uweke kwenye mwili, chini ya chumba cha parachuti.

Pua yenyewe ikate kutoka sehemu ya juu ya chupa ya pili, na ncha yake izibe kwa nusu ya mpira laini au sponji, isiwe na kitu chochote kigumu. Ijaribu kwa kuigeuza roketi kichwa chini: pua lazima idondoke kwa uzito wake. Ikihitaji kutikiswa, imebana mno, basi paka poda ya mtoto pale inapokutana na mwili. Vipande vitatu vya sponji vilivyobandikwa ndani huizuia isicheze upande kwa upande.

Njia hii hufaulu roketi inapopaa wima. Ikipaa kwa kulala, hupita kileleni ikiwa bado na mwendo wa kwenda mbele, hewa huendelea kuigandamiza pua, na parachuti hubaki ndani. Kwa asubuhi tulivu inafaa sana. Kwa siku ya upepo, nenda njia inayofuata.

Njia ya pili: mlango wa ubavuni na saa ya toi

Hii ndiyo ningempa mwalimu mwenye bajeti ndogo na wanafunzi wenye mikono mizuri.

Chukua chupa ya pili, ikate pande zote mbili, uivike juu ya chupa ya presha. Hiki ndicho chumba. Usikate wala kutoboa chupa ya presha yenyewe, hata kidogo. Kwenye ubavu wa chumba kata mlango wa sentimita 8 kwa 14, uache upande mmoja kama bawaba, uuimarishe kwa selotepu pana. Ndani, nyuma ya mahali parachuti itakapolala, weka kipande cha plastiki ya chupa kilichopindwa kama upinde, ncha zake zikiwa zimeshikwa kwenye kuta. Mlango ukifungwa, parachuti huubana upinde. Mlango ukiachiwa, upinde huitema parachuti nje.

Mlango hufungwa kwa mpira wa manati, yaani ukanda mwembamba uliokatwa kwenye tyubu ya baiskeli. Upande mmoja wa mpira funga moja kwa moja. Upande wa pili utie kitanzi cha uzi, na kitanzi hicho ndicho kinachoshikwa na saa.

Saa yenyewe ni ile mashine iliyo ndani ya toi za kuzungusha ufunguo, zinazotembea mezani. Ndani yake mna springi bapa na gia chache za plastiki. Ifungue toi kwa bisibisi ndogo, itoe mashine nzima bila kuifumua, uibandike kwenye ukuta wa chumba. Kwenye mhimili wa ufunguo gundisha mkono mfupi, mfano kipande cha kijiti cha aiskrimu chenye kona. Kitanzi cha uzi kikivishwa kwenye kona hiyo, mpira umefungwa. Ufunguo unaporudi, mkono hugeuka, kona huelekea upande ambao kitanzi huteleza, na mlango huachia.

Imebaki kuizuia saa isianze kabla roketi haijaondoka. Tumia pini ya waya mwembamba inayopita kwenye tundu la chumba na kuuzuia mkono usizunguke. Pini hiyo ifungwe kwa uzi kwenye stendi ya kurushia. Roketi ikiruka, uzi huivuta pini, na saa huanza kuhesabu. Uzi uwe na ulegevu wa sentimita 20 hivi, usije ukachomoa pini wakati mtu anapitisha mguu tu.

Muda hupangwa kwa kiasi unachozungusha ufunguo. Weka alama kwa kalamu ya wino mzito kwenye ukuta kila robo ya mzunguko, upime kila alama kwa saa ya simu, uandike pembeni sekunde zake. Saa hizi hazifanani hata zikitoka pakiti moja, na vumbi la Dodoma huzichelewesha. Zihifadhi kwenye kopo lenye kifuniko, na zipime upya kila asubuhi ya kurusha.

Njia ya tatu: sevo na kipimo cha presha ya hewa

Mlango na mpira hubaki vile vile, ila mshikaji wa kitanzi huwa ni sevo ndogo ya gramu 9, yaani mota ya umeme inayogeuza mkono, na mwenye kuamua wakati huwa kompyuta ndogo ya aina ya Arduino ikisoma kipimo cha presha kama BMP280. Vitu hivi huuzwa maduka ya vifaa vya elektroniki Dar es Salaam na husafirishwa kwa basi.

Kwenye mwinuko wa Dodoma, ambao ni kama mita 1,120 juu ya bahari, kila ukipanda mita 10 presha hupungua kwa karibu hektopaskali moja. Kipimo kinaona hata mabadiliko yaliyo madogo kuliko hayo. Programu yako inahitaji hatua nne tu. Mosi, roketi ikiwa kwenye stendi, soma presha mara nyingi, chukua wastani, uuite sifuri. Pili, usifanye lolote hadi mwinuko upite mita 10, ili mtu akiibeba roketi au mlango wa gari ukifungwa mlango wa parachuti usifunguke. Tatu, kumbuka mwinuko mkubwa kuliko yote uliouona, na mwinuko wa sasa ukipungua kwa mita 2 chini yake, zungusha sevo. Nne, hata kipimo kikigoma, zungusha sevo sekunde nne baada ya kuondoka. Ili hatua hii ya mwisho ijue roketi imeondoka bila kukitegemea kipimo kilichogoma, tumia pini ile ile ya uzi, safari hii ikikata au kuunganisha waya.

Mambo matatu huwaangusha wanaoanza. La kwanza, chumba kisicho na matundu. Kipimo kikiwa ndani ya chumba kilichozibwa hakijui nje kuna nini, basi toboa matundu matatu madogo kuzunguka mwili. La pili, jua na upepo vikipiga kipimo moja kwa moja hukidanganya, kwa hiyo kifunike kwa kipande cha sponji nyeusi. La tatu, sevo inapoanza kuzunguka hunyonya umeme kwa ghafla, volteji hushuka, na kompyuta hujizima na kuanza upya ikiwa angani. Kapasita ya mikrofaradi 470 ikiunganishwa karibu na sevo huondoa tatizo hilo, na fundi redio yeyote anayo kwenye kopo lake la vipuri.

Badala ya sevo, wengine hutumia waya mwembamba wa kupasha joto unaokata uzi wa nailoni. Inafanya kazi na ni nyepesi, lakini inadai betri yenye nguvu na inakurudishia joto ulilotaka kulikwepa. Kwa shule, sevo ni bora.

Njia ya nne: gesi ya kaboni dayoksaidi

Vile vichupa vidogo vya chuma vya kujazia matairi ya baiskeli za mashindano, vya gramu 8, 12 au 16, hutumiwa na warusha roketi wakubwa badala ya baruti. Sindano hukitoboa kichupa, gesi hujaa bombani, pua hutoka. Hakuna moto wala masizi.

Kabla ya kuagiza, piga hesabu. Gramu 8 za gesi hiyo, katika hewa ya Dodoma, hujaza karibu lita 5. Chumba cha parachuti cha chupa ya soda hakifiki lita moja na nusu. Hata gesi ikipoa inapotoka, hiyo ni nguvu ya kuitupa pua hadi lastiki ya parachuti ikatike. Kifaa hiki ni cha bomba kubwa, la lita 5 na kuendelea. Roketi zinazokaribia ukubwa huo ni kama zile za wanafunzi wa mradi wa Nakuja katika Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia, Juja, Kenya, ambao wana karakana na chuo kizima nyuma yao.

Ukifika huko, kumbuka mawili. Vifaa vingi vinavyouzwa kwa kazi hii bado hutumia punje ya baruti kuisukuma sindano, kwa hiyo uliza kabla hujalipa. Pia joto: kwenye nyuzi 20 presha ndani ya kichupa ni kama psi 830, na ikipita nyuzi 31 gesi hiyo haiwezi tena kukaa kama kimiminika, hivyo presha hupanda kwa kasi. Gari lililofungwa na kuachwa juani Dodoma hupita nyuzi hizo mapema sana. Visafirishe kivulini, ndani ya sanduku lililofunikwa.

Parachuti ya mwavuli mkuukuu

Zamani parachuti za shule zilikatwa kwenye mifuko ya rambo. Mifuko hiyo imepigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, na kusema kweli hatujapoteza kitu. Kitambaa cha mwavuli ni chepesi, hakichaniki ovyo, kina pande nane zilizokwisha kushonwa, na katikati kina tundu la kupitisha hewa ambalo huizuia parachuti isibembee. Nenda kwa fundi viatu anayetengeneza miavuli, umwombe iliyovunjika mbavu.

Ukubwa unategemea uzito na hewa. Hewa ya hapa juu ni nyepesi kwa takriban asilimia 12 kuliko ya Dar es Salaam, kwa hiyo kipimo ulichokipata kwa mtu wa pwani kiongeze kidogo. Ili kutua kwa mita 4.5 kwa sekunde, roketi ya gramu 200 inahitaji parachuti yenye upana wa sentimita 57. Pwani ingetosha 53. Ya gramu 300 inahitaji sentimita 70. Mwavuli wa mtoto unakaribia vipimo hivyo bila kukatwa sana.

Nyuzi ziwe nane, za nailoni ya kushonea viatu, kila moja ndefu kidogo kuliko upana wa parachuti. Ziunganishe zote kwenye kizungushi cha ndoana, kile kidude cha wavuvi kinachozuia mshipi usijisokote. Kati ya kizungushi na roketi weka lastiki ya nguo yenye urefu wa mita moja ili ipokee mshtuko.

Kukunja ni kazi ya mtu mmoja aliyechaguliwa. Panga pande nane moja juu ya nyingine, kunja mara mbili kwa upana, kisha kwa zigizaga kwa urefu. Nyuzi zilaze juu kwa mikunjo mipana. Usizizungushie parachuti kama unafunga mzigo. Nyunyiza poda ya mtoto kidogo. Kunja asubuhi ile ile ya kurusha, kwa maana kitambaa kilicholala kimekunjwa wiki nzima hushikamana.

Roketi isiyofika gramu 100 haihitaji haya yote. Utepe wa kitambaa chepesi wenye upana wa sentimita 10 na urefu wa mita moja unatosha kuipunguza mwendo, nao hauchukuliwi sana na upepo.

Majaribio ya ardhini

Usirushe kitu ambacho hakijafunguka mara kumi mfululizo kikiwa ardhini. Kikigoma mara ya tisa, rekebisha, anza tena moja.

Kila jaribio lifanywe parachuti ikiwa imekunjwa kama ya safari. Shika roketi wima, kisha ilaze, kisha igeuze pua chini, maana hujui itakuwa imekaaje kileleni. Baadaye itikise kwa nguvu ukiwa umefunga mlango: usifunguke. Mwisho, iache juani robo saa, ujaribu tena. Gundi ya fimbo hulainika kwa joto. Mpira wa manati ukianza kuonyesha nyufa ndogo, tupa, kata mwingine.

Chupa ya presha nayo ina jaribio lake. Iwe ya soda tu, kwa kuwa za maji ya kunywa ni nyembamba na hazikutengenezwa kwa presha. Ijaze maji hadi juu, uitie psi 80 huku watu wakiwa mbali, kisha uifungue. Ikipita, irushe kwa psi 60, usizidishe. Yenye mkwaruzo, mkunjo, au iliyokaa juani wiki nyingi, itoe kazini.

Siku ya kurusha

Anzeni saa moja asubuhi. Kuanzia mchana upepo wa mashariki na kusini-mashariki hushika kasi, hasa mwezi wa saba na wa nane. Roketi iliyofungua parachuti kwenye mita 40 hukaa angani karibu sekunde tisa. Upepo wa mita 2 kwa sekunde utaipeleka mita 18. Wa mita 6 utaipeleka mita 54, nje ya uwanja wa mpira, kwenye paa la mtu au mzabibu wa mtu. Stendi iweke upande upepo unakotoka ili nafasi yote ibaki mbele.

Mkuu wa shule ajue, na ofisi ya serikali ya mtaa ijue, siku moja kabla. Kwa roketi za chupa zisizopita mita 40 au 50, mteue mtu mmoja wa kuangalia anga, na ndege ikionekana au kusikika, shughuli isimame hadi ipite. Ukitaka kwenda juu zaidi, au kutumia injini ya aina yoyote, andikia kwanza Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Katika nchi ambayo drone hairuki bila kibali, roketi haiwezi kuwa na uhuru zaidi, na kwa Miyuji iliyo kati ya viwanja viwili jambo hilo halina mjadala.

Watu wasimame mita 15 au zaidi. Kufyatua kufanywe kwa kamba ndefu. Chupa ikishatiwa upepo hakuna anayeisogelea, hata kama pini imekwama. Stendi iwe na namna ya kutoa upepo kutoka mbali.

Ikigoma, anza hapa

Parachuti ilitoka mapema na kuchanika: pua ni nzito, au saa imepangwa fupi. Ilitoka ikiwa imechelewa: pima upya muda wa kilele, maana ulipobadilisha uzito au maji, muda nao ulibadilika. Ilitoka lakini haikufunguka: nyuzi zilizungushiwa, au kitambaa kimeshika unyevu. Mlango ulifunguka kwenye stendi: mpira umelegea, au hatua ya mita 10 haimo kwenye programu. Haikutoka kabisa: kagua pini kwanza, kwa kuwa mara nyingi mtu alisahau kuufunga uzi wake kwenye stendi.

Kila safari iandikwe kwenye daftari: uzito, maji, psi, upepo, muda uliopangwa, na muda ambao video ilionyesha. Kikundi kinachoanza kishike njia ya kwanza hadi kurasa chache za daftari zijae, kisha kihamie kwenye saa ya toi. Fedha za sevo na kipimo zitafutwe baada ya hapo, kwa sababu kompyuta hiyo itahitaji kuambiwa mambo yale yale ambayo daftari litakuwa limekwisha kuwafundisha.